Dua ya Kipando na Harufu ya Karafuu

Ndugu zetu katika imani, ukatibu wa kamati ya msikiti una safari nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Tunapeleka barua za vikao, tunafuata michango, tunazuru wagonjwa, na mara nyingine tunabeba habari ya msiba. Safari hizo tunazifanya kwa pikipiki, katika barabara ya Chake Chake na Wete, hapa kisiwani Pemba.

Aliyemo garini hukitazama kisiwa hiki kupitia kioo. Mpanda pikipiki hana ukuta baina yake na viumbe vya Mola wake. Akiteremka kwenye bonde la mpunga, ubaridi humpokea kifuani kabla macho hayajaliona bonde lenyewe. Akipanda kilima, joto la lami humrudia. Na msimu wa karafuu ukiwadia, harufu humjia mapema: anajua kuwa mbele yametandikwa majamvi, ijapokuwa kona bado imeyaficha.

Karafuu ni darasa kwa mwenye kuzingatia. Kile tunachokiita karafuu ni tumba la ua, nalo huchumwa kabla halijachanua. Likichelewa likafunguka, thamani yake hushuka. Huanikwa likiwa la kijani lenye wekundu. Baada ya siku chache za jua limegeuka hudhurungi, gumu na jepesi. Mvua ikinyemelea, nyumba nzima hukimbilia jamvi. Uzuri huo una muda wake, na wenye mashamba wanaujua muda huo vyema kuliko sisi wapita njia.

Palikuwa na mzee mmoja kando ya barabara hiyo, aliyekuwa akianika karafuu zake mbele ya nyumba. Kila tulipopita alinyanyua mkono na kutuita: "Katibu, shuka unywe kahawa!" Nasi tulipiga honi na kujibu: "Tutarudi, Mzee wetu, inshaallah." Tulikuwa na haraka ya kikao, ya risiti, ya saini ya fulani. Msimu mzima tulijibu hivyo. Siku moja, baada ya sala ya Alfajiri, simu ilitufikia, tukaliandika jina lake katika karatasi ya matangazo ya msiba kwa mkono uleule tuliokuwa tukimpungia.

Tulikwenda maziko kwa pikipiki ileile. Jamvi lilikuwa limekunjwa na kuegemezwa ukutani, na harufu ya karafuu ingali pale. Tulikaa barazani pamoja na wanawe. Kahawa ilipoletwa, tulishindwa kuimaliza.

Tangu siku hiyo dua ya kipando, tuliyoihifadhi chuoni tukiwa wadogo, imekuwa na uzito mwingine. Asili yake imo katika Surat Az-Zukhruf, panapotajwa majahazi na wanyama wa kupandwa. Msafiri hufundishwa kumtakasa Aliyemtiishia chombo, kukiri kwamba kwa uwezo wake mwenyewe asingekimudu, kisha kutaja kuwa atarejea kwa Mola wake. Mtu angetarajia dua ya safari ikomee kwenye kufika salama. Hii hutupeleka hadi kwenye marejeo ya mwisho. "Inshaallah" yetu kwa mzee yule ilikuwa njia ya kukwepa. Dua iliyokuwa midomoni mwetu muda mfupi kabla yake ilikuwa ikitukanya, nasi hatukuisikia.

Basi, enyi wazazi, mnapomkabidhi kijana ufunguo wa pikipiki, mkabidhini pia kofia ngumu, na dua hii pamoja na maana yake. Mwambieni apunguze mwendo, kwa kuwa uhai wake ni amana, na uhai wa wapita njia ni amana vilevile. Mwendo wa pole utampa pia nafasi ya kuuona ukungu juu ya mpunga kabla jua halijauondoa, na kumwona mzee aliyenyanyua mkono. Akiitwa, naye hana dharura ya kweli, azime injini ashuke.

Sisi tumeanza kufanya hivyo. Vikao viwili tumechelewa, na Mwenyekiti ametukumbusha kwa upole. Kosa tumelikubali, sasa tunaondoka nyumbani mapema zaidi.

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu, awahifadhi vijana wetu barabarani, na atujaalie kurejea Kwake tukiwa tumeyatimiza tuliyoyaahidi. Amin.