Wafu wetu na vigingi vya kiwanja

Hapa Hai Mauna, mtaa wa Juba, mtu akikuuzia kiwanja, mwulize kwanza nani amelala chini. Wengi wetu bado tunazika uani, na vita vya Sudan vilipotutawanya, makaburi yalibaki bila wa kuyafagia. Tuliorudi baada ya mkataba wa amani wa 2005 tulikuta majani yamefika kifuani.

Ukoo wetu una makaburi tisa chini ya mwembe mmoja. Mwaka jana tuliamka tukakuta kigingi cha mpimaji kimechomekwa futi mbili tu kutoka kaburi la babu. Ndipo binamu wa Arua, Uganda, vijana wa Nairobi na shangazi aliyekimbia vita vya Khartoum mwaka 2023, watu ambao hata mambo ya harusi hawaafikiani, wakachanga pesa za saruji na senyenge. Jumamosi moja tukafyeka tangu alfajiri. Kwenye kaburi la bibi, jina liliandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi, na herufi moja imegeuka kinyume. Fundi alitaka kuirekebisha. Shangazi akakataa katakata.

Si sisi tu: kule makaburi ya Hai Malakal, hapahapa Juba, watu wasio na makazi walijenga vibanda katikati ya makaburi. Siwalaumu, aliye hai naye anataka paa. Ila nawaomba wakubwa wa ardhi waweke makaburi ya familia kwenye ramani kabla ya kugawa viwanja. Yetu tumeshayachora kwenye karatasi ya daftari, na nakala iko kwa chifu.

Mkazi wa Hai Mauna,
Juba