Ugonjwa adimu kwa nchi moja si adimu kwa majirani wote

Shemeji yangu ni fundi cherehani huko Kayonza. Miaka sita iliyopita aliugua kifua kikuu, akameza dawa kwa miezi sita bila kuruka siku, akapona. Mwaka juzi akaanza kukohoa damu, tena damu ya kujaza kikombe. Katika kituo cha kwanza alichokwenda makohozi yake yalipimwa, kifua kikuu hakikuonekana, lakini akaandikiwa dawa zilezile. Akazimeza zote. Damu haikukoma.

Ulipita karibu mwaka mzima kabla daktari mmoja hajamtuma kwenye kipimo cha CT-Scan. Juu ya pafu la kulia kulikuwa na shimo lililoachwa na kifua kikuu, na ndani ya shimo hilo kulikuwa na tonge la kuvu. Daktari alimweleza kwamba vidonge peke yake havingeliondoa, na kwamba njia ya kupona ilikuwa upasuaji. Shemeji aliuliza swali moja tu: "Daktari, mimi ndiye wa kwanza?" Akajibiwa: "Hapa kwetu, mwaka huu, ndiyo."

Alipasuliwa, yuko hai, na cherehani yake inafanya kazi. Lakini jibu lile limebaki kichwani mwangu. Shemeji alikuwa wa kwanza katika jengo lile tu. Siku hiyohiyo huenda kulikuwa na mwenzake Mwanza, mwingine Mbale, mwingine Bukavu, kila mmoja akiambiwa kwamba ugonjwa wake ni wa ajabu.

Tuuangalie ugonjwa wenyewe. Kuvu iitwayo aspajilasi iko kila mahali: kwenye vumbi, kwenye nafaka iliyooza, kwenye majani makavu. Kila siku tunavuta hewa yenye chembe zake na mwili hautikisiki. Lakini ikikuta shimo ndani ya pafu, kama lile linaloachwa na kifua kikuu, huweza kukaa humo na kukua hadi ikawa kama mpira mdogo. Mishipa ya damu iliyo pembeni huvimba na kupasuka. Mgonjwa anaweza kukaa miaka bila dalili, kisha usiku mmoja akafa kwa kujaa damu kifuani. Katika ukanda wetu watu waliopona kifua kikuu ni maelfu kwa maelfu. Basi ugonjwa huu tunauita adimu kwa sababu hatuutafuti, na kwa sababu kila nchi inahesabu wagonjwa wake peke yake.

Kuutibu si kazi ndogo. Pafu lililopitiwa na kifua kikuu mara nyingi huwa limegandana na ukuta wa kifua. Daktari hulibandua polepole, na kila anapobandua damu hutoka. Daktari wa usingizi huweka mpira maalumu wenye njia mbili, ili pafu moja litulie huku jingine likipumua, na damu isimiminikie upande mzima. Benki ya damu lazima iwe tayari. Baadaye kuna siku za kulala katika chumba cha wagonjwa mahututi, mrija ukitoa hewa na maji kifuani, na muuguzi anayejua kuusoma mrija huo. Kazi ya namna hii haiingii mikononi kwa kusoma vitabu. Timu inayoifanya mara moja kwa mwaka haiwezi kulingana na timu inayoifanya kila wiki, hata kama madaktari wake wana vyeti vilevile.

Mfano wa pili unatoka kaskazini. Turkana, nchini Kenya, ni moja ya maeneo yaliyojulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa wa haidatidi. Mnyoo mdogo huishi katika utumbo wa mbwa, mayai yake hutoka na kinyesi, na binadamu huyameza bila kujua. Mwilini hutokea mfuko wa maji, hasa kwenye ini au pafu, unaokua taratibu kwa miaka. Ugonjwa huo haukuishia mpakani: umeonekana pia kwa wafugaji wa Karamoja nchini Uganda, kwa Watoposa wa Sudani Kusini na kwa Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania.

Sasa mfikirie kijana wa huko aliyehamia mji wa mbali kutafuta kazi. Anakohoa, anapigwa picha ya kifua, na kwenye picha linaonekana doa la mviringo. Daktari ambaye hajawahi kuona haidatidi anaweza kudhani ni saratani au jipu, akaamua kuchoma sindano achukue sampuli. Hapo ndipo penye hatari. Maji ya mfuko ule yakivuja yanaweza kuuangusha mwili kwa mshtuko, na yanaweza kusambaza mbegu za mnyoo kifuani kote. Daktari aliyewahi kufanya kazi Lodwar angemuuliza kwanza: "Kwenu mnafuga? Mlikuwa na mbwa?" Maswali hayo mawili hayana gharama yoyote, na yanaweza kuokoa maisha.

Hoja yangu ni hiyo. Magonjwa yasiyo ya kawaida ya kifua yatibiwe kana kwamba Afrika Mashariki ni hospitali moja yenye wodi nyingi.

Jambo hili lina mizizi kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ziliungana na watafiti wa Uingereza kujaribu matibabu mafupi ya kifua kikuu. Wakati huo mgonjwa aliweza kutibiwa kwa mwaka mmoja na nusu. Majaribio hayo yalionyesha kwamba, kwa mchanganyiko sahihi wa dawa, miezi sita inatosha. Miezi sita aliyomeza dawa shemeji yangu ilianzia kwenye wodi za majirani wetu. Ili kupata jibu la uhakika walihitaji wagonjwa wengi, nao walipatikana kwa sababu nchi ziliwahesabu pamoja.

Leo tuna vyombo vingi kuliko enzi zile. Mkataba wa Jumuiya, katika kifungu cha 118, unazitaka nchi wanachama zishirikiane katika afya. Soko la Pamoja lilianza mwaka 2010. Chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilianzishwa mwaka 1999, kina makao yake Arusha, na huwatahini madaktari wa nchi nyingi kwa mtihani mmoja. Nchi zetu ziligawana vituo vya ubingwa: Tanzania moyo, Uganda saratani, Kenya figo. Hapa Kigali kituo cha IRCAD, kilichozinduliwa mwaka 2023, kinafundisha upasuaji wa matundu madogo. Lakini pafu lenye tonge la kuvu si moyo, si saratani wala si figo. Limeangukia katikati.

Napendekeza mambo matatu.

La kwanza, madaktari wa kifua, wa picha na wa usingizi kutoka nchi zote za Jumuiya wakutane kwa intaneti saa moja kila wiki, kila mmoja alete picha inayomtatiza. Tangu mwaka 2014 simu ya Kigali inapigwa Nairobi na Kampala kwa gharama nafuu kwa sababu serikali zilikubaliana. Picha ya kifua nayo inaweza kuvuka kwa njia hiyohiyo, jina la mgonjwa likiwa limefichwa.

La pili, liwepo daftari moja la magonjwa haya. Nani aliugua, alipasuliwa vipi, alipona au hakupona. Bila daftari hilo kila daktari ataendelea kujiona anaanza moja.

La tatu ndilo gumu zaidi: fedha na karatasi. Bima ya Mutuelle de Santé inamsaidia mkulima wa Rwamagana mpaka hospitali ya rufaa, lakini akivuka Rusumo au Gatuna anakuwa mgeni wa kulipa taslimu. Na daktari mwenye uzoefu wa miaka ishirini akivuka upande huu hawezi kushika kisu mpaka baraza la hapa limsajili. Ni haki baraza lilinde wananchi. Basi mabaraza yetu yakubaliane juu ya kibali cha muda mfupi kwa daktari anayekuja kusaidia katika upasuaji mmoja au kufundisha kwa mwezi, na mifuko ya bima ikubaliane kulipana kwa orodha fupi ya magonjwa haya. Hatuzungumzii malaria. Tunazungumzia wagonjwa wachache kwa kila nchi, kwa hiyo mzigo unabebeka.

Kuna watakaosema kwamba fedha zetu haba ziende kwenye kinga. Nakubaliana nao nusu. Kuwapa mbwa dawa ya minyoo na kuacha kuwatupia matumbo ya mifugo iliyochinjwa kutapunguza haidatidi kuliko kisu chochote. Kugundua kifua kikuu mapema kutapunguza mashimo mapafuni. Lakini shemeji yangu alifanya kila alichoambiwa. Taifa lilimgharamia dawa hadi akapona. Kumwacha afe kwa kovu la ugonjwa uliokwisha ni kuitupa gharama ile.

Wengine watahofia kwamba hospitali kubwa ya jirani itatunyang'anya wagonjwa na madaktari. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kugawana kwa ugonjwa: wanaojua haidatidi waongoze haidatidi, wengine waongoze kuvu, wengine umio. Daktari wa Kigali aende mwezi mmoja akajifunze, arudi na ujuzi, naye awapokee wa Bujumbura na Goma. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili, mwenyeji na mgeni wanaweza kupona kwa pamoja.

Mawaziri wetu wa afya hukutana mara kwa mara chini ya Jumuiya. Naomba suala hili liwekwe kwenye ajenda yao, hata kama ni la mwisho. Kesho mgonjwa mwingine atamuuliza daktari wake kama yeye ndiye wa kwanza. Ingekuwa faraja kubwa daktari akiweza kumjibu: "Hapana. Kuna wenzako kumi na wanane mwaka huu, na aliyewatibu wengi wao niko naye kwenye simu."