Ardhi ya Eigg Imerudi kwa Wenyewe, Lugha Je?

Kisiwa cha Eigg, kilichoko pwani ya magharibi ya Uskoti, kina urefu wa kilomita 9 hivi na upana wa kilomita 5, na wakazi wake ni zaidi kidogo ya 100. Shule nyingi za msingi humu nchini zina wanafunzi wengi kuliko kisiwa hicho kizima. Hata hivyo, kila linapozuka suala la wanyonge kumiliki ardhi yao, Eigg hutajwa kwa heshima. Sababu ni kwamba tarehe 12 Juni 1997 wakazi wake, wakishirikiana na baraza la wilaya yao na shirika moja la kuhifadhi wanyamapori, walikinunua kisiwa kwa takriban pauni milioni 1.5. Sifa hiyo wanaistahili. Lakini kisa chenyewe kina upande wa pili ambao wasimulizi huupita mbio, nao ndio unaotuhusu zaidi sisi tunaofundisha lugha.

Kwanza tuupe upande wa kwanza haki yake. Kwa muda mrefu Eigg ilikuwa mali ya bwana mmoja baada ya mwingine, ikiuzwa na kununuliwa pamoja na makao ya watu waliokuwamo. Mwaka 1853 familia 14 za Grulin ya Juu zilitolewa makwao ili pawe malisho ya kondoo. Kuta za mawe za nyumba zao zingalipo, hazina mapaa. Baada ya ununuzi wa 1997 mambo yalibadilika. Mwezi Februari 2008 kisiwa kilianza kujizalishia umeme kwa nguvu za vijito, upepo na jua, mahali ambapo hapo awali kila nyumba ilitegemea jenereta yake. Kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5, na kila biashara kilowati 10. Mama aliyeteleka birika la umeme hana budi kufikiri kabla ya kuwasha mashine ya kufulia, maana akivuka kikomo, giza linamwingilia. Tajiri na maskini kikomo chao ni kimoja, na sijui ni wapi kwingine ambako usawa umeandikwa waziwazi hivyo katika mita ya stima.

Maisha yenyewe hayana makuu. Feri hutoka Mallaig, na bahari ikichafuka haiji, na duka lililo karibu na gati husubiri sawasawa na wateja wake. Watoto wadogo husoma kisiwani. Wale wa sekondari huvuka kwenda bara na kulala huko siku za masomo.

Sasa na tutazame ardhi yenyewe, lakini kwa jicho la mwanaisimu. Kilima kikuu, An Sgùrr, chenye kimo cha mita 393, ni ukuta wa mwamba wa volkano unaochomoza juu ya kisiwa mithili ya omo la jahazi. Sgùrr ni neno la Kigaeli, maana yake kilele kikali. Vijiji vya Cleadale na Galmisdale, kwa upande mwingine, vimebeba mwishoni mwao neno la mabaharia wa kale wa Norway lenye maana ya bonde. Ukitazama ng'ambo, kwenye kisiwa jirani cha Rum, utaiona milima ya Askival na Hallival, ambayo nayo ilipewa majina na mabaharia hao. Mfalme wa Norway aliviachilia visiwa hivi mwaka 1266, lakini majina hayakupanda mashua kurudi naye.

Upande wa kaskazini-magharibi uko ufuko ambao mchanga wake, ukiwa mkavu, hulia chini ya unyayo. Wenye Kiingereza huuita mchanga uimbao. Kwa Kigaeli ni Tràigh a' Bhìgeil, yaani ufuko wa mlio kama wa kinda la ndege. Kwa maoni yangu jina la pili lina sikio kali zaidi, kwani lilitolewa na mtu aliyekanyaga pale mara nyingi, wala si na mgeni aliyestarehe kwa alasiri moja.

Liko na jingine. Martin Martin, mzawa wa kisiwa cha Skye, alichapisha mwaka 1703 kitabu kuhusu visiwa hivi, na humo akaeleza kwamba watu wa Eigg wakiwa baharini hawakuthubutu kukitaja kisiwa chao kwa jina lake la kawaida. Walikiita Kisiwa cha Wanawake Wakubwa. Msomaji aliyelelewa na bibi asiyemtaja nyoka usiku, bali akamwita kamba, hatahitaji maelezo marefu juu ya miko ya aina hii. Na mwaka 1776 Ranald MacDonald wa Eigg alichapisha diwani ya mashairi ya Kigaeli, mojawapo ya mikusanyo ya mwanzo kabisa ya ushairi wa lugha hiyo kupigwa chapa. Hicho ndicho kisiwa ambacho wengine wangekidhani hakina fasihi!

Leo hii lugha ya gatini, dukani na mikutanoni ni Kiingereza. Nani alaumiwe? Si haki kuwalaumu wahamiaji waliofika katika miongo ya karibuni, kwa kuwa bila wao hata shule ingalifungwa, na ni wao pamoja na wenyeji waliopigania ardhi. Chanzo ni cha zamani zaidi. Kufukuzwa kwa watu wa Grulin kulipunguza wasemaji. Kisha ikaja sheria ya elimu ya Uskoti ya mwaka 1872, ambayo haikukitaja Kigaeli hata kidogo. Haikukipiga marufuku, ilikinyamazia tu. Mtoto aliingia darasani akakuta kwamba kila kitu alichokijua kwa jina hakikuwa na jina, na alipokuwa mzazi naye hakuona haja ya kuyarithisha maneno yasiyompatia mtu kazi. Bunge la Uskoti lilipitisha mwaka 2025 sheria ya kukifanya Kigaeli lugha rasmi. Ni jambo jema, ila limekuja miaka 153 baada ya ile ya kwanza.

Ndipo ninapotofautiana na wale wanaokisimulia kisa cha Eigg kama ushindi kamili. Ardhi iliweza kurudi kwa siku moja kwa sababu ilikuwa na bei na alikuwapo wa kuiuza. Maana ya jina la kijito haiuzwi na yeyote. Mzee wa mwisho anayeijua akifa kabla ya kuulizwa, hakuna mchango wa fedha utakaoirudisha. Waskoti walitanabahi kwa kiasi fulani: tangu 1951 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walizunguka visiwani wakinasa sauti za wazee, nyimbo, visa na majina ya mahali.

Hapa kwetu adhabu ya kibao shingoni, ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza katika kitabu chake cha 1986, imepungua, lakini ule unyamavu wa 1872 ungalimo katika madarasa mengi. Mwalimu wa Jiografia hufundisha mto, mwalimu wa lugha hufundisha nomino, na hakuna kati yao anayeuliza jina la mto linamaanisha nini. Nimewapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kazi muhula huu: kila mmoja alete majina kumi ya vijito, vilima na mabwawa ya kwao, maana ya kila jina, na umri wa mtu aliyemweleza.