Mlima wa Mawingu na Vidonge vya Presha



Mwezi huu tumepokea barua kutoka mbali. Imeandikwa na dada yetu mmoja, mama wa watoto wawili, ambaye kwa sasa anaishi katika mji wa Los Baños nchini Ufilipino. Mume wake yuko huko kwa masomo ya kilimo cha mpunga, kwa maana Los Baños ndipo ilipo Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga iliyoanzishwa mwaka 1960. Masomo ya baba yanakaribia mwisho, na familia imekubaliana kwamba kabla ya kufunga mizigo watapanda mlima mmoja wenye mandhari nzuri, kwenda na kurudi siku moja. "Miaka miwili hii," anaandika, "baba watoto amekuwa na vitabu tu. Nataka watoto wakumbuke siku moja tuliyokuwa wanne."

Barua ina kurasa tatu. Ametuuliza juu ya viatu, chakula na baridi. Halafu mwishoni kabisa, kama ilivyo desturi yetu akina mama, ndipo alipoandika jambo lenyewe. Anatumia vidonge vya presha, na kimojawapo kinamfanya aende haja ndogo mara kwa mara. Mlimani hakuna choo. Je, akiacha vidonge siku hiyo moja tu, kuna ubaya gani? Tena anatuomba tusishangae: mume wake hajui kwamba bado anavitumia.

Dada yetu, hatushangai. Tumekaa wodini na kliniki miaka mingi, na wanawake wanaoficha vidonge ndani ya kopo la chumvi tumewaona. Lakini jibu letu ni fupi: usiache dawa.

Tukueleze kwa nini. Wakati fulani tulikwenda matembezi ya mlimani na akina mama wa kanisa. Mama mmoja, mchangamfu kuliko sisi sote, aliacha dawa zake siku mbili kwa sababu hiyo hiyo ya choo, na maji pia hakunywa. Tulipofika katikati ya kilima alisema kichwa kinamgonga kama nyundo na macho hayaoni vizuri. Tulimshusha kwa kumbeba katika khanga mbili zilizofungwa kwenye miti. Alipona, tunashukuru, lakini kosa lilikuwa letu pia: tuliuliza kila mtu kama amebeba maji, hatukuuliza kama amemeza dawa. Tangu siku ile tunauliza.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hata soksi, nenda kwa daktari au muuguzi wa huko, angalau mwezi mmoja kabla. Pimwa presha. Mwambie: "Nataka kupanda mlima kwa saa sita." Atakuambia kama unaweza kwenda, na kile kidonge cha kukojoza ukimeze saa ngapi siku hiyo. Usijipangie mwenyewe. Ikiwa kipimo kimefika 180 kwa 110 au zaidi, safari isubiri mpaka presha ishuke. Mlima hautahama.

Sasa tuje kwenye mlima wenyewe. Umetaja Pulag, na tunaelewa sababu. Ndio mrefu kuliko yote katika kisiwa cha Luzon, una mita 2,928, na picha za jua likichomoza juu ya bahari ya mawingu zimesambaa kila mahali. Lakini kwa familia yako hatuupendekezi. Wengi huanza kupanda usiku wa manane ili wawahi mapambazuko, baridi ya kileleni hukaribia kuganda, na wapandaji hudaiwa cheti cha daktari. Isitoshe, ukivuka mita 2,500 baadhi ya watu huanza kuumwa na kichwa na kichefuchefu kwa sababu hewa ni nyepesi. Mtoto wa miaka tisa na mama mwenye presha watafute mlima mpole zaidi.

Mlima huo upo: Ulap, katika wilaya ya Itogon, mkoa wa Benguet, usio mbali na mji wa Baguio. Kilele chake ni mita 1,846. Neno ulap kwa Kifilipino maana yake ni wingu, na ukibahatika asubuhi utayaona mawingu yamelala mabondeni chini ya miguu yako. Njia huanzia kijiji cha Ampucao, hupita katika misonobari, kisha hutokea kwenye migongo ya vilima vya majani mafupi ambako ng'ombe hulisha, na huteremkia upande wa pili katika kijiji cha Santa Fe. Ni mwendo wa kilomita nane au tisa. Kwa familia yenye mtoto hesabu saa sita pamoja na kupumzika.

Msimu ni jambo la kwanza la kupanga. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni wakati wa mvua kubwa na tufani, na Benguet mvua si ya mchezo. Mwezi wa Julai mwaka 1911 mji wa Baguio ulipata milimita 1,168 kwa muda wa saa 24, karibu sawa na mvua ya mwaka mzima Dar es Salaam! Na mwezi wa Septemba mwaka 2018, tufani iliyoitwa Ompong ilipopita, udongo uliporomoka katika wilaya hiyo hiyo ya Itogon na kuua makumi ya watu, wengi wao wachimbaji wa dhahabu na jamaa zao. Kwa hiyo chagueni kati ya Desemba na Machi. Siku mbili kabla, sikilizeni taarifa ya idara ya hali ya hewa, PAGASA. Herufi hizo zikisomwa kama neno, ni neno la Kifilipino lenye maana ya tumaini. Wakitangaza tufani, ahirisheni bila kujadiliana, hata kama nauli imeshalipwa.

Miezi hiyo ya kiangazi ndiyo yenye baridi. Januari mwaka 1961 Baguio iliwahi kushuka hadi nyuzi 6.3. Ninyi mmezoea joto la Los Baños, hivyo kila mtu awe na sweta, koti jepesi la mvua na kofia. Mchana, kule kwenye majani hakuna kivuli, na jua la mlimani huunguza hata upepo ukiwa baridi. Mvae nguo za tabaka tabaka, mvue na kuvaa kadiri mwili unavyotaka.

Msisafiri usiku kucha kisha mkapanda asubuhi. Kutoka Manila hadi Baguio ni kama kilomita 250, na basi huchukua saa tano au sita. Fikeni mapema siku iliyotangulia, mlale vizuri. Alfajiri saa kumi na nusu mwondoke kwa jipni, yale magari ya abiria yaliyozaliwa kutokana na jipu za jeshi la Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Saa kumi na mbili mwanze kutembea, ili saa saba mchana muwe mmeshuka, kabla ya ukungu na mvua za alasiri.

Kijijini mtajiandikisha na kupewa kiongozi wa njia. Msimwone kama gharama ya bure, maana ndiye anayejua wapi pa kushukia mtu akiumia. Aliyekuzidi umri mwite manong akiwa mwanamume, manang akiwa mwanamke, kama vile sisi tunavyosema kaka na dada. Mwambie tangu mwanzo, bila aibu, kwamba una presha na kwamba mtoto ni mdogo. Tena wafundisheni watoto adabu ya mahali: hiyo ni nchi ya Waibaloi, ambao wazee wao walizikwa mapangoni, na kule Kabayan maiti zilikaushwa kwa moshi na kuhifadhiwa hadi leo. Asishike mtu mifupa wala kupiga kelele penye makaburi. Nasi kwetu tusingependa.

Njiani kuna mwamba uitwao Gungal, umetokeza nje juu ya bonde, na watu hupanga foleni wapigwe picha wakiwa wamesimama juu yake. Mtoto asiende pale bila kushikwa mkono na mtu mzima. Upepo ukiwa mkali, asiende kabisa. Picha nzuri hupatikana hata mita kumi nyuma.

Mazoezi mwanze sasa. Kwa wiki nne tembeeni wote wanne, jioni tatu kwa wiki, mkianza na nusu saa na kuongeza kidogo kidogo hadi saa mbili, sehemu yenye mwinuko ikipatikana. Kipimo cha mwendo ni hiki: uweze kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa, punguza. Viatu mvae mlivyovizoea. Kiatu kipya mlimani ni malengelenge. Teremko la kuelekea Santa Fe ni kali na huumiza magoti kuliko kupanda, kwa hiyo kila mtu mzima awe na fimbo.

Maji ni lita mbili kwa kila mtu mzima, lita moja na nusu kwa mtoto, mnywe kidogo kidogo hata kabla ya kiu. Beba pakiti za maji ya chumvi na sukari. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa, vinatosha. Chakula chagua kisichochacha: wali na nyama ya adobo, ambayo hupikwa kwa siki na hivyo hukaa, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi na karanga.

Katika mfuko wa dawa uwe na plasta, bandeji, sabuni, dawa ya maumivu na vidonge vyako. Mbwa akimuuma mtu, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha shukeni siku hiyo hiyo kwenda hospitali kuchomwa sindano ya kichaa cha mbwa.

Na lile la choo, ambalo ndilo lililokusumbua. Nenda mwanzoni mwa njia, kabla ya kuondoka. Beba khanga mbili: moja ya kujikinga, nyingine ya baridi. Mwambie manang wa njiani, naye atakuonyesha mahali penye faragha, mbali na maji. Karatasi na pedi zilizotumika mzirudishe mjini katika mfuko wa plastiki. Wanawake wote wapandao milima hufanya hivyo, wala hakuna aliyekufa kwa aibu.

Mkubaliane pia dalili za kurudi: kifua kubana, kizunguzungu, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, au kuhema hata ukiwa umekaa. Ikitokea moja tu, ketini, kisha rudini, hata kama kilele kinaonekana.

Lakini kurudi kunahitaji mtu anayejua kwa nini tunarudi, na hapa ndipo tunapofika kwenye jambo la mwisho, dada yetu. Mweleze mume wako. Si kule mlimani, bali nyumbani, jioni, watoto wakiwa wamelala. Mwonyeshe vidonge, mwambie tangu lini na kwa nini ulinyamaza. Labda uliogopa kumwongezea mzigo wakati wa mitihani. Tunaelewa. Ila umesema unataka siku moja mliyokuwa wanne, na mama anayemeza dawa kwa siri nyuma ya mti hayupo na wenzake kikamilifu. Mpe baba kazi ya kubeba hivyo vidonge mfukoni mwake na kukukumbusha saa. Wanaume wengi tuliowaona kliniki, wakiambiwa ukweli, hawakasiriki. Husema tu, "Mbona hukuniambia mapema?"

Ukishapimwa na ukishasema naye, tuandikie. Na kama daktari atakataa, bado Baguio ina misonobari na baridi tamu, na jirani yake La Trinidad kuna mashamba ya stroberi ambako mama, baba na watoto wanaweza kuchuma pamoja asubuhi nzima. Hiyo nayo ni siku ya wanne.

Tukutane mwezi ujao, akina mama. Na wewe unayesoma hapa, kama una kopo la chumvi lenye vidonge ndani yake, lifungue leo.