Programu za michoro zisichaguliwe kwa urembo

Waliosema mchagua jembe si mkulima hawakuwa wameona namna vyuo vyetu vinavyonunua programu za tarakilishi. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, idara za uhandisi katika vyuo vikuu na vyuo vya kiufundi hukabiliwa na swali ambalo kwa mtazamo wa haraka ni dogo: wanafunzi watumie programu gani kuchora mifumo wanayoibuni? Aghalabu jibu hutolewa na yule aliyeona programu fulani ofisini mwa jamaa yake, au na muuzaji aliyefika na vipeperushi vya rangi. Katika jambo hili nashikilia kwamba kuchagua jembe ni sehemu ya ukulima.

Huenda msomaji akauliza mwanaisimu anatafuta nini katika shamba la wahandisi. Shamba hilo ni letu pia. Mchoro ninaouzungumzia ni ule wa visanduku vilivyounganishwa kwa mistari, ambamo kila kisanduku kinaweza kufunguliwa kikaonyesha visanduku vingine ndani yake, na vile vya ndani navyo vikafunguliwa. Tangu Noam Chomsky achapishe Syntactic Structures mwaka 1957, michoro ya namna hiyo, sisi tukiiita michoro matawi, haikosi ubaoni katika darasa la sintaksia.

Tuchukue sentensi nyepesi: "Kikombe cha mwalimu kimevunjika." Nomino iliyo jirani na kitenzi ni mwalimu, lakini mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili hawezi kusema "Kikombe cha mwalimu amevunjika". Kitenzi kinatii kikombe, kwa kuwa kikombe ndicho neno kuu la kundi zima. Mwalimu amefungiwa ndani ya kundi na hana ruhusa ya kusemezana na kitenzi moja kwa moja. Kinachovuka mpaka wa kundi ni ngeli ya kikombe peke yake. Mwanafunzi asiyeuona mpaka huo ataichora sentensi kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, na mchoro wake, hata ukiwa na rangi saba, hautakuwa umeeleza lolote.

Mhandisi naye ana mipaka yake. Mathalani, tuseme anabuni mfumo wa kusukuma maji ya kisima kwa nguvu za jua. Katika ukurasa wa kwanza pana kisanduku kimoja tu: mwanga wa jua na maji ya ardhini vinaingia, maji ya matumizi yanatoka. Katika ukurasa wa pili kisanduku hicho kimefunguliwa, tunaona paneli, kidhibiti, pampu, tangi, na boya lenye swichi inayotoa habari kwamba tangi limejaa. Ukurasa wa tatu unafungua kidhibiti. Sasa, ule waya utokao kwenye boya na kuingia katika kidhibiti kwenye ukurasa wa pili ni sharti uonekane ukiingia katika ukurasa wa tatu pia, kwa jina lile lile. Usipoonekana, fundi atakayeunganisha mitambo hatajua aupeleke wapi, na pampu itaendelea kusukuma maji huku tangi likifurika.

Si ajabu basi kwamba Herbert Simon, katika makala yake ya mwaka 1962 kuhusu mifumo changamano, alitoa kisa cha mafundi wawili wa saa. Mmoja aliunganisha vipande 1,000 kwa mfululizo, na kila alipokatizwa na mteja, kazi yote ilimwanguka mikononi. Mwenzake aliunda vijisehemu vya vipande kumikumi, kisha akaviunga vijisehemu hivyo, hivyo alipokatizwa alipoteza kidogo tu. Hadithi hiyo ingefaa kusomwa na kila mwanafunzi anayeanza mradi wa mwaka wa mwisho wiki mbili kabla ya tarehe ya kuuwasilisha.

Tugeukie programu zenyewe. Kuna zile zinazojua kuchora tu. Visio ya Microsoft ni maarufu kuliko nyingi, draw.io haitozwi malipo na inaweza kutumika hata pasipo intaneti ikiwekwa ndani ya tarakilishi. LibreOffice Draw nayo ni ya bure. Katika hizi, ukikisogeza kisanduku, mstari uliogandishwa kwacho hukifuata, na unaweza kukifanya kisanduku kuwa mlango wa ukurasa mwingine. Kwa ripoti ya kawaida zinatosha kabisa. Udhaifu wake ni kwamba hazielewi ulichochora. Ukilibadili jina la waya katika ukurasa wa pili, ukurasa wa tatu hautajua, wala hutapata onyo lolote. Kwa programu hizi, uhusiano wa ngazi moja na nyingine umo kichwani mwa mchoraji.

Zipo nyingine ambazo huandikiwa maneno nazo zikachora. Graphviz, iliyotokana na maabara za AT&T nchini Marekani, ni ya jamii hii. Mtumiaji hutaja visanduku na viungo, nayo hupanga picha. Nakiri kwamba naipenda kwa sababu za kitaaluma, maana faili yake ni matini ambayo binadamu aweza kuisoma, na masahihisho ya mwalimu huonekana mstari kwa mstari. Hata hivyo, visanduku vikiwa ndani ya visanduku kwa tabaka tatu au nne, upangaji wake hauridhishi, na mwanafunzi huishia kugombana nayo usiku kucha.

Kisha kuna zinazoujua mfumo wenyewe. Katika Simulink ya kampuni ya MathWorks, kijimfumo huwa na milango ya kuingilia na kutokea, na mchoro unaweza kuendeshwa ukatoa matokeo. Xcos, iliyo ndani ya Scilab na isiyolipiwa, hufanya kazi ya aina hiyo. Kwa saketi za elektroniki kuna KiCad, ambayo ni ya bure vilevile: karatasi ya ndani ikiwa na kiungo ambacho karatasi ya juu haikitambui, ukaguzi wake hutoa taarifa. Kwa mifumo mikubwa kuna Capella, iliyoanzia katika kampuni ya Thales ya Ufaransa na sasa imo mikononi mwa umma. Ila Capella inadai mtu ajifunze njia nzima ya kufikiri kabla ya kuchora kisanduku cha kwanza. Kumpa mwanafunzi wa mwaka wa 1 programu hiyo ni sawa na kumkabidhi trekta mtu anayelima bustani ya sukuma.

Wakuu wa idara wanaotaka kuijaribu programu kabla ya kuinunua wasihesabu maumbo na rangi zilizomo. Wachore mfumo wa kisima nilioutaja, wenye kurasa tatu, kisha walibadili jina la ule waya wa boya juu na kutazama kinachotokea chini. Jaribio hilo halichukui nusu saa. Halafu waifunge programu, waiondoe, na kujaribu kuifungua faili kwa njia nyingine yoyote. Hapo ndipo penye gharama ambayo vipeperushi havitaji. Najua chuo kimoja ambacho leseni yake ya programu ya kulipia ilikoma katikati ya muhula, na wanafunzi wakabaki na faili wasizoweza kuzifungua huku siku ya kuwasilisha miradi ikikaribia. Waliokuwa na uwezo walitafuta nakala za magendo. Wasio nao walichora upya kwa mkono. Aidha, leseni za wanafunzi kwa kawaida haziruhusu kazi ya biashara, kwa hiyo kijana anayefuzu na kutaka kujiajiri huanza maisha akiwa na ujuzi asioweza kuutumia kihalali mpaka anunue leseni nyingine.

Kwa maoni yangu, chuo kisicho na fedha nyingi kianze na draw.io au LibreOffice kwa ripoti, KiCad kwa wanafunzi wa umeme, na Xcos kwa somo la udhibiti. Simulink ifundishwe pale ambapo leseni ina uhakika wa kudumu, kwani viwanda vingi vya nje huitumia na haifai kuwanyima vijana fursa hiyo.

Hata hivyo, kabla ya programu yoyote kuna karatasi na kalamu. Kanuni za IDEF0, zilizotangazwa na serikali ya Marekani mwaka 1993 na kuondolewa rasmi mwaka 2008, zilitaka mchoro wa ngazi ya chini uwe na visanduku visivyopungua 3 wala kuzidi 6, na kila upande wa kisanduku uwe na kazi yake: vinavyoingia kushoto, vinavyotoka kulia, vinavyoongoza juu, na nyenzo chini. Zimeondolewa katika orodha ya serikali, lakini sijaona sababu ya kuziondoa darasani. Mwanafunzi anayejaza ukurasa mmoja visanduku 25 hajaugawa mfumo wake, na hakuna programu itakayomgawia.

Walimu wenzangu wanaosahihisha miradi mwaka huu wadai kitu kimoja zaidi: pamoja na picha iliyobandikwa katika ripoti, mwanafunzi alete faili ya mchoro wenyewe, na mwalimu afungue angalau kisanduku kimoja mbele yake.