Mama, usichome gari la mtoto



Leo Kona ya Mwalimu inaanza na kosa la mwalimu mwenyewe.

Mwaka jana, wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa wa kumaliza primeri, nilirudi nyumbani jioni nimechoka, na daftari za watoto zaidi ya 60 za kusahihisha. Tunajua sote: tangu primeri iwe ya bure, mwaka 2019, kalasi zetu zimejaa. Nikamkuta kijana wangu kwenye baraza. Vitabu vimefungwa, mikono imejaa gundi. Mbele yake kuna gari. Mwili wake ni vijiti vya rafia, pua ni bati la kopo la sardini, magurudumu ni mpira wa kandambili. Kandambili zenyewe zilikuwa zangu.

Sikuuliza neno. Nilinyakua lile gari nikalitia ndani ya mbabula, chini ya sufuria ya maharagi. Rafia iliwaka kama karatasi. Nikamwambia, "Sasa, soma."

Hakulia. Alifungua kitabu, akainama, akasema polepole, "Mama, sikuwa nacheza. Nilikuwa napima."

Usiku nilichukua daftari lake la hesabu. Mtihani wa mwisho juu ya kipimo cha ramani alikuwa amepata 2 juu ya 10. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Pale palikuwa na mchoro wa gari, na pembeni ameandika: mita 3 na sentimita 30, sawa na sentimita 330, gawanya kwa 10, gari langu sentimita 33. Chini yake hesabu ya mlango, ya kiti, ya gurudumu, zote zimegawanywa kwa 10, na zote ni sahihi. Lile somo lililomshinda ubaoni alikuwa amelielewa kwenye baraza, na mimi nimelipikia maharagi.

Gari lenyewe alilitoa wapi? Mdogo wangu ni fundi wa pikipiki kule Mangobo. Siku moja alimwonyesha mjomba wake mdogo, yaani huyu kijana wangu anayemwita hivyo kwa utani, picha kwenye simu: gari la zamani la mbio, la watu wawili, halina paa, pua ndefu, taa mbili zimetokeza mbele kama macho ya chura. Linaitwa Lotus Seven. Lilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1957, na wengi walilinunua likiwa vipande vipande, wakaliunga wenyewe nyumbani, kwa sababu gari la vipande halikutozwa ile kodi ya gari zima. Wapenzi wake wanasimulia kwamba sheria ya kodi ilikataza kampuni kutia ndani ya sanduku maelezo ya namna ya kuliunga. Basi kampuni ikatia maelezo ya namna ya kulifungua, na mnunuzi akayafuata kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Nilicheka nilipoambiwa. Halafu nikafikiri: ni watoto wangapi wa mtaa wetu wamechapwa kwa sababu ya kufungua redio? Anayejua kufungua kitu kwa utaratibu, na kukumbuka screw ipi ilitoka wapi, yuko nusu ya njia ya kukiunga.

Lotus waliacha kulitengeneza miaka ya mwanzo ya 1970, na kampuni nyingine, Caterham, ikaliendeleza. Lakini wasio na pesa nyingi hawakukubali kukaa na hamu tu. Mwaka 1996 mtu anayeitwa Ron Champion alitoa kitabu kinachoonyesha namna ya kujenga gari la mfano huo kwa paundi 250: vyuma vya mraba vya milimita 25 unavikata na kuvichomelea, injini na vitu vingine unavitoa kwenye Ford Escort kuukuu. Toka siku hizo watu wamejenga magari hayo nyuma ya nyumba zao, jioni baada ya kazi. Kila mmoja alianza na kitu kilekile alichoanza nacho mtoto wangu: mita na penseli.

Utasema, hayo ni ya wazungu. Haya, tutazame karibu. Najua jina la Uganda halipiti masikioni mwa watu wa Kisangani bila kutukumbusha vita vya siku sita, Juni 2000. Mimi nilikuwa mtoto, nimelala chini ya kitanda na mama yangu. Lakini watoto wetu wajue pia kwamba mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, waliendesha gari dogo la watu wawili walilolijenga wenyewe, linalotembea kwa umeme. Jina lake Kiira EV. Na tena kwetu, Kongo: mwaka 2013 Kinshasa iliwekewa roboti kubwa za kuongoza magari njiapanda, zinazotumia umeme wa jua. Aliyezibuni ni injinia mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi.

Namtaja mama huyu kwa sababu. Mtihani ulipopita (kijana alifaulu, Mungu asifiwe), wiki nyingi hakugusa tena kijiti. Nilimwita nikamwomba radhi. Najua wengine wanasema mzazi haombi radhi kwa mtoto. Mimi niliomba. Alinyamaza. Kesho yake niliweka makopo mawili matupu kwenye baraza, nikaenda zangu. Siku tatu yalikaa pale. Siku ya nne nikasikia kisu kinakata rafia.

Dada yake mdogo, mwenye miaka 8, alisogea akaomba kukata pia. Kaka akamjibu, "Wasichana hawajengi gari. Nenda usaidie kutwanga sombe." Wamama, ile ilikuwa sauti yangu ndani ya kinywa chake. Ni mimi niliyekuwa nikimtuma binti kwenye kinu na kumwacha kijana na kisu na mita. Siku ile kijana ndiye aliyetwanga sombe, na binti alipima magurudumu manne. Moja lilitoka kubwa, gari likaenda upande. Alilikata upya bila kuambiwa.

Kwa hiyo nawashauri haya, na yote hayahitaji hata franka moja.

Kwanza, uliza kabla ya kukasirika. Maswali matatu yanatosha: Hiki ni nini? Ulikipimaje? Kipande gani kimekushinda? Mtoto anayejibu hayo matatu anasoma, hata kama kitabu kimefungwa.

Pili, panga saa. Kosa la kijana wangu lilikuwa kuacha kurudia masomo ya siku ile, na lilitaka neno, si moto. Siku hizi masomo yanatangulia, na gari linafuata mpaka giza.

Tatu, linda mikono na pumzi. Ukingo wa bati unakata kama wembe; ukunjwe kwa koleo au usuguliwe kwenye jiwe kabla mtoto hajaushika. Kisu kikate kuelekea mbali na vidole. Gundi ya fundi viatu ina harufu inayolevya, usiiache mikononi mwa mtoto. Uji mzito wa unga wa muhogo unashika karatasi na katoni vizuri, na rafia inafungwa kwa uzi. Tazama Wagenia wetu: miti yao inasimama katikati ya maporomoko, na imefungwa kwa kamba za msituni.

Nne, kisu na mita vipite pia mikononi mwa binti.

Katika mkutano wetu ujao, kila mama atakayeweza alete makopo mawili, katoni moja na kandambili iliyokatika. Jumamosi watoto watajenga pamoja, na wamama watakaotaka kupima watakaribishwa. Tutatumia kipimo kilekile: sentimita 1 ya kwetu ni sentimita 10 za gari la kweli.

Gari la pili la wanangu liko juu ya kabati ya sahani. Lina urefu wa sentimita 33, pua imepinda kidogo. Safari hii kandambili niliwapa mwenyewe.

Mpaka wiki ijayo,
Mwalimu wenu