Kitabu cha Fedha Kisicho na Mama

Pita Posta, Dar es Salaam, pale vitabu vinapotandazwa chini pembeni ya barabara. Riwaya ya Kiswahili utaitafuta kwa tochi. Lakini Rich Dad Poor Dad ipo, The Richest Man in Babylon ipo, na vijitabu vya Kiswahili vilivyochota humo vipo tele. Hii ndiyo fasihi ambayo rika langu linaisoma, tupende tusipende, na nashangaa wahakiki wetu wanaipita kama hawajaiona. Maana ina kasoro ambayo mhakiki angeiona kabla ya mhasibu: kuna mhusika hayumo. Mama mzee.

George Clason alianza kutoa vijitabu vyake mwaka 1926, mabenki na kampuni za bima zikavigawa. Fundisho lake ni kwamba sehemu ya kumi ya pato lako ni yako, itenge kabla hujamlipa mtu yeyote. Kiyosaki, 1997, akakaza uzi: kinachoingiza pesa mfukoni ni mali, kinachoitoa ni mzigo. Na tazama alivyokijenga kitabu chake. Mtoto anawapima baba wawili kwenye mizani, mmoja baba yake mwenyewe, msomi wa kuajiriwa, mwingine baba wa rafiki yake. Aliyemzaa ndiye anayeitwa maskini! Kwetu ukisema hivyo hadharani utaulizwa kama kwenu hakuna wakubwa.

Kiyosaki simlaumu sana. Marekani ilipitisha sheria ya pensheni ya wazee 1935, na ya bima yao ya matibabu 1965. Msomaji wake alipofungua kitabu, fungu la wazee lilikuwa limeshakatwa kwenye mshahara. Wewe unakaa Tabata, mama yuko Korogwe, kalima mahindi maisha yake yote. Zanzibar tangu 2016 inamlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi. Ilianza na shilingi 20,000. Bara, mkulima aliyezeeka hana kitu kama hicho. Pensheni yake ni wewe.

Hapo ndipo wahamasishaji wetu wanapokuja na ile hesabu ya 50-30-20, iliyotoka kwenye kitabu cha Elizabeth Warren na binti yake cha 2005 (mama na mwana, kumbe). Nusu ya pato ni ya mahitaji, 30 ya unavyovitamani, 20 ya akiba. Kodi ya nyumba, chakula, nauli na ada vinaingia fungu la kwanza. Mama je? Nimeona semina nzima anawekwa kwenye "misaada", ndani ya matamanio, jirani na saluni na nyama choma. Dawa ya presha imekuwa starehe.

Na pesa isiyo na jina kwenye bajeti haiachi kutumwa. Inatumwa kwa siri. Mke anatuma kwao elfu thelathini, anafuta meseji. Mume naye anatuma kwao, pamoja na ya kutolea, halafu anasema ofisini wamechelewesha posho. Luku inakata usiku, kila mmoja anamtazama mwenzake. Ada ya mtoto isipotimia ndipo meseji zinapofukuliwa, na mama wa watu huko Korogwe anatajwa kwa ubaya, wala hajui kwamba pesa aliyopokea ilikuwa kama ya wizi.

Wapo watakaonijibu: ukimfungulia mama mlango, ukoo mzima utaingia, harusi ya binamu, bati za mjomba. Kweli, wapo wanaokamuliwa. Afrika Kusini jambo hili wameliita kodi ya Weusi, na mwaka 2019 Niq Mhlongo alihariri kitabu kizima cha insha, swali likiwa kama ni mzigo au ni utu. Wao walau wamekaa wakabishana. Mimi nasema fungu lenye kiwango ndilo linalomzuia mjomba. Elfu hamsini ya mama ikikaa mstari mmoja na kodi ya nyumba, na wote wawili mnaijua, mjomba akipiga simu anajibiwa na watu wawili. Isipojulikana, kila simu ni mtihani mpya, na mwenye roho laini ndiye anayefilisika.

Wahubiri wa radhi nao hawana hesabu bora. Mpe mama, Mungu atarudisha, basi. Kwenye grupu la familia anayetuma elfu kumi anamiminiwa maua na mikono ya shukrani. Dada aliyebaki kijijini, anayeamka usiku kumgeuza mama kitandani, hakuna anayemwandika popote.

Nataka kitabu cha fedha kilichoandikwa na mtu anayejua makato ya kutoa pesa kwa wakala. Kiwe na sura ya mama, sura ya mama mkwe, na sura ndefu ya huyo dada. Kikitoka sitasubiri kishuke Posta. Nitakinunua dukani, kwa bei yake.